Mikate ya Mkwe na Feni Iliyonyamaza

Feni ya oveni ikiwa nzima huisikii. Hayo yalikuwa maneno yangu, na mji wa Mpanda uliyajua miaka ile ya tisini. Mtu akiniuliza, "Fundi, mbona jiko lenyewe limekaa kimya?" namjibu, "Feni nzuri haipigi kelele. Kelele ni za feni mbovu na mafundi wabovu." Watu wanacheka, na mimi naondoka na bisibisi mfukoni, kifua mbele. Siku hizi siyasemi. Mafundi wangu hapa dukani Kashaulili wakiyasema, maana waliyaokota kwa wateja wa zamani, natoka nje naangalia barabara mpaka yapite.

Nilikotoka sifichi. Shule niliishia darasa la nne. Baba alishuka na ng'ombe kutoka Usukumani, akatafuta malisho mpaka huku Katavi, na mbung'o wakawamaliza ng'ombe wote kabla sijaota ndevu. Wenzangu waliobaki na ng'ombe wakaendelea kuwa watu. Mimi nikabaki na redio ya marehemu babu, mbovu, nikaifungua kwa kisu cha kumenyea viazi pale Sitalike, nikaifunga, ikaimba. Hakuna aliyenifundisha. Kutoka redio nikaenda pasi, kutoka pasi nikaenda feni za mezani, kutoka feni nikaenda majiko ya umeme wakati mjini kwetu majiko hayo ungeweza kuyajua yote kwa majina ya wenyewe. Leo nina duka, nina nyumba ya bati, nina pikapu, na waliosoma wananiletea vitu vyao vilivyoharibika na kusimama pembeni wakinitazama. Nayasema haya si kwa kujisifu. Basi, kidogo ni kwa kujisifu. Lakini nayasema ili ujue mtu niliyekuwa siku ile nilipoingia jikoni kwa mkwe wangu bila kupiga hodi.

Mke wangu ni Msukuma mwenzangu. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo waliokaa kuniuliza maswali ni wajomba zake, watu wenye zizi kubwa nje ya Sitalike. Yule mkubwa wao, mwenye sauti kama anaita ng'ombe hata akiomba chumvi, aliniuliza mbele ya watu wote:

"Wewe kijana unachunga nini?"

"Nachunga umeme, mzee."

"Unatoa maziwa?"

Uwanja mzima ulicheka. Hata mshenga wangu alicheka, na nilimnunulia kofia mimi. Wakaanza kusema mambo ya mwanaume wa bisibisi, kwamba binti yao atakula waya, atalala juu ya betri. Mimi nimeinamisha kichwa, jasho linanitiririka. Ndipo ikatoka sauti nyuma ya ukuta wa nyumba, sauti ya mwanamke, haikupazwa hata kidogo:

"Mpeni. Siku akishindwa kazi yake, nichekeni mimi kwanza."

Huyo alikuwa mama mkwe. Sikumwona siku ile, na kwa desturi yetu sikutakiwa kumwona. Kwetu mume wa binti na mama wa binti hawatazamani. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Hamli pamoja, hamuingii chumba kimoja, hampeani kitu mkono kwa mkono. Mkiwa na jambo la lazima mnapitisha kwa mtu mwingine, na kama hakuna mtu, unaongea na kitu kilichopo: mti, mlango, mbwa. Yeye anasikia, anajibu kwa kumwambia huyohuyo mbwa. Watu wa makabila mengine wanaona ni uadui. Si uadui. Ni heshima iliyozidi hadi ikakosa pa kukaa.

Kwa hiyo tangu siku ile jina langu na jina lake yalifungwa kamba moja. Nikifanikiwa, wajomba watanyamaza. Nikiharibu, watakaochekwa ni wawili, na yeye atatangulia.

Mama mkwe alikuwa mpishi. Baada ya mumewe kufariki hakutaka kukaa zizini kwa kaka zake, akaja mjini akapata kazi kwenye nyumba ya wageni ya tajiri mmoja, Mwislamu mfanyabiashara, mtu mwema mwenye haraka, si mbali na stesheni. Kupika mikate alikuwa amejifunza tangu usichana kwa masista huko Karema. Alioka kwenye tanuri la kuni uani, na mikate yake ilijulikana.

Basi tajiri akaenda Dar es Salaam, akarudi kwa treni na jiko la umeme, kubwa, la mtumba, lenye oveni na feni ndani. Watu walilisindikiza kutoka stesheni kama maiti ya chifu. Tajiri akalivunja tanuri la kuni siku hiyohiyo ili kupata nafasi ya kuegesha lori. Hapo ndipo alipokosea, maana mikate ya kwanza kutoka kwenye jiko jipya ilikuwa myeusi nyuma na mibichi mbele. Feni ilikuwa inaguna tu, haizunguki.

Nieleze kidogo, maana mambo yote yanasimama hapo. Oveni ya namna ile koili yake ya moto imezungushwa nyuma, na feni imekaa katikati ya koili. Feni ndiyo inayochota ule moto na kuutawanya oveni nzima. Feni ikisimama, moto unabaki nyuma ulipozaliwa. Kilicho karibu na koili kinaungua, kilicho karibu na mlango kinakaa kinasubiri.

Tajiri akaniita. Nikatuma neno kwa mke wangu, mke wangu akapeleka kwa mama yake, mama yake akajiondoa jikoni akaenda sokoni, nikaingia. Ndivyo tulivyofanya kila mara. Nikatoa trei, nikafungua bati la ndani, nikaiona feni na nati yake katikati. Nikazungusha kushoto kama nati zote za dunia hii. Ikakaza. Nikaongeza nguvu, ikakaza zaidi. Mafundi wawili waliokuja kabla yangu walikuwa wameikwangua nati ile mpaka inatia huruma. Nikakaa chini nikaitazama. Nikajiuliza, hii feni ikizunguka inazunguka upande gani? Nikaona kwamba ingekuwa nati ya kawaida, feni yenyewe ingeifungua ikiwa kazini, ingedondoka. Aliyeitengeneza aliligundua hilo, akakata uzi wake kinyume. Nikazungusha kulia, taratibu. Ikaja kama kifuniko cha chupa.

Hilo halikuandikwa popote nilipopaona. Nililitoa kichwani mwangu mwenyewe, na mpaka leo nikilikumbuka nafurahi. Ningeomba hadithi iishie hapa.

Nikaishusha mota. Ile bushi ambayo shafti inazungukia ilikuwa imekauka, imejaa unga na mafuta ya kupikia yaliyoungua yakawa kama lami. Nikaosha kwa mafuta ya taa, nikapitisha msasa laini, nikatia mafuta ya cherehani. Mafuta ya cherehani nilikuwa nayaamini kama dawa. Yameponya pasi, yameponya feni za mezani, yameponya mpaka bawaba ya mlango wa msikiti. Nikafunga, nikawasha. Feni ikazunguka, na usiposogeza sikio huisikii.

"Mbona kimya?" tajiri akauliza.

Hapo ndipo yale maneno yangu yalipozaliwa.

Siku chache baadaye Ramadhani ikaanza, na mikate ya futari ikawa inatoka kwenye jiko lile kila alasiri, rangi moja kote, mizuri, watu wanapanga foleni. Na mimi nikatembea. Nilitembea na mkate ule kama mtu aliyepewa nishani. Nilimpelekea mjomba mkubwa mpaka zizini. Nikaukata mbele yake.

"Tazama, mzee. Nyuma na mbele sawasawa. Hiyo ni kazi ya bisibisi."

Mjomba akautafuna polepole akiangalia ng'ombe wake. Halafu akasema, "Umeiva kote," na akamwita mkewe aniletee kiti. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nakalia gogo.

Nyumbani mke wangu aliwahi kuniambia, "Mama siku hizi anavaa sweta."

"Sweta? Joto hili?" Ilikuwa katikati ya mvua, lile joto la kwetu linalokushika shingo.

"La mikono mirefu. Hata jikoni halivui."

"Atakuwa na homa. Mpelekee dawa. Na umwambie asisahau kwamba kazi imemrahisikia, sasa hivi anaingiza trei na kukaa."

Mke wangu alinitazama, akaendelea kuchambua mchele. Maneno yale niliyasema mimi, kwa mdomo huuhuu. Na yeye, maskini, aliyafikisha.

Ilikuwa siku moja kabla ya Idi. Umeme wa mji wakati ule ulikuwa wa zamu, na siku hiyo zamu ya upande wetu kupata umeme ilikuwa toka asubuhi mpaka alasiri. Nilikuwa napita karibu na nyumba ya wageni, tajiri akaniona kutoka barazani. Alikuwa na mgeni, mfanyabiashara mwenzake wa Tabora, ambaye naye alikuwa amenunua jiko kama lile na linamsumbua.

"Huyu hapa!" tajiri akapiga kelele. "Fundi, njoo! Njoo umwonyeshe mwenzangu!"

"Mzee, ngoja kwanza nitume neno..."

"Neno gani? Jiko si lako?" Akanishika mkono. Mtu wa desturi nyingine huwezi kumweleza mambo ya mkwe ukiwa umesimama barabarani. Ningeweza kujing'oa. Lakini yule mgeni ameshanitazama, na macho yake yanasema, huyu ndiye? Nikavutwa ndani kama mbuzi anayependa kuvutwa.

Tulipofika mlangoni niliona pindo la kitenge likipotea nyuma ya jiko. Jiko lilikuwa limesogezwa mbele kidogo, pana nafasi kati yake na ukuta, na hapo ndipo mkwe wangu alipojibanza. Hakukuwa na mlango mwingine. Nikageuza uso kuelekea dirishani.

Tajiri akapiga bati la jiko kwa kiganja. "Sikiliza!" akamwambia mgeni.

Mgeni akasogeza sikio. Mimi nikiwa natazama dirisha nikasikiliza vilevile. Feni ikizunguka, hata iwe nzuri vipi, fundi anaihisi. Kuna pumzi fulani. Pale hapakuwa na pumzi. Taa ya jiko inawaka, moto upo, na nyuma mota imekufa kabisa.

"Mbona sisikii feni?" mgeni akauliza.

Na mimi nikasema. Mungu anajua nilijaribu kuufunga mdomo.

"Feni nzuri haipigi kelele, mzee."

Tajiri akacheka mpaka akajishika mbavu. "Umesikia? Umesikia huyu? Na mikate si unaiona?" Mezani kulikuwa na mikate iliyokwisha kuokwa, mizuri, rangi moja. Mgeni akaigeuza huku na huku, akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema kesho kutwa twende naye Tabora. Adhana ya adhuhuri ikasikika. Wakaenda kuswali wakaniacha, tajiri akisema kwa mbali, "Keki za Idi zinaingia sasa hivi, fundi! Wageni wangu wote kesho wanakula hapa! Zisimamie mwenyewe!"

Tukabaki. Mimi, jiko, na mama mkwe nyuma ya jiko. Msaidizi wake alikuwa ametumwa mbali kutafuta mayai ya kesho.

Nilitakiwa kutoka. Hilo ndilo la kwanza desturi inalokuambia. Lakini nilikuwa najiuliza, kama feni imekufa, ile mikate mezani imeivaje? Nikasimama kama mjinga nikiitazama, huku harufu ikianza. Harufu ya mkate unaotaka kuungua upande mmoja, ndogo kwanza, halafu inakuja na nguvu. Mle ndani kulikuwa na trei zilizojaa. Yeye hawezi kutoka kwa sababu mimi nipo. Mimi sitoki kwa sababu sijaelewa.

Kikohozi kidogo kikatoka nyuma ya jiko.

"Jiko," sauti ikasema, ileile ya nyuma ya ukuta, "mwambie mwenye bisibisi asogee. Mikate inataka kugeuzwa."

"Jiko," nikasema, "muulize mama, kugeuzwa kwa nini?"

Jiko likajibu: "Mikate haina muda wa maswali."

Nikageukia ukuta, nikafunika macho kwa kiganja kama mtoto anayecheza kujificha. Nikasikia akitoka. Nikasikia mlango wa oveni ukifunguliwa, moto ukanipiga mgongoni mpaka nilipo. Nikasikia trei zikikwaruza. Nilitakiwa kubaki nimefunika. Nilichungulia kati ya vidole, na sitasema ni kwa bahati mbaya.

Alikuwa amenipa mgongo. Amepandisha mikono ya sweta kwa sababu sweta lilikuwa limeanza kutoboka kwa moto. Aliingiza mikono mpaka bega kwenye oveni ile inayowaka, akashika trei ya nyuma kwa tambara, akaivuta, akaigeuza nyuma mbele, ya juu akaishusha chini, ya chini akaipandisha, akafunga. Haraka, bila kusita. Mikono yake kutoka kifundo mpaka juu ya kiwiko ilikuwa na mistari. Mistari ya vyuma vya trei. Mingine ya zamani imekuwa myeusi, mingine myekundu, mmoja una malengelenge mapya yanayong'aa. Kama mtu aliyechanjwa na mganga asiyejua kuacha.

Akarudi nyuma ya jiko. Mimi bado nimeshika uso wangu.

Feni yangu ilikuwa imekufa muda gani? Sikuuliza. Mafuta ya cherehani kwenye joto la oveni ni kama maji kwenye kikaango, yanaruka yanaacha gundi. Leo najua. Ilikuwa imeshikana siku za mwanzo za Ramadhani, na mwezi mzima mimi nikitembea na mkate wa mikono ya mkwe wangu nikisema ni kazi ya bisibisi. Hakumwambia tajiri. Hakumwambia binti yake. Kumwambia binti yake kungekuwa kuniambia mimi, na mama mkwe hamwambii mkwe wake kwamba kazi yake imeharibika. Hata ningekuwa nimemchomea nyumba, angesema nyumba ilikuwa ya zamani.

Na wajomba wasingecheka. Hilo alikuwa amelihakikisha yeye.

"Jiko," nikasema. Sikujua naendeleaje. "Jiko, mwambie mama... hii mikate ikitoka, nakuzima. Nakufungua."

"Keki za Idi je?"

"Zitawahi."

"Jiko, muulize, ana uhakika? Umeme unaondoka alasiri, na tanuri la kuni lilishavunjwa."

Maisha yangu yote mpaka siku ile nilikuwa na uhakika wa kila kitu. Nikasema, "Sina. Lakini nitajaribu."

Jiko likasema, "Basi na aanze."

Mikate ilipoiva akaitoa, mimi nikiwa ukutani, akarudi nyuma ya jiko. Nikazima, nikafungua mlango wote, nikapepea kwa sinia. Sikungoja oveni ipoe. Nikaingiza mkono kushika bati la ndani, kiganja kikagusa pembe ya chuma, nikaruka nikapiga yowe, nikazunguka jikoni nikipuliza vidole.

Nyuma ya jiko kikatoka kitu kama kikohozi. Hakikuwa kikohozi. Mkwe wangu alikuwa anacheka.

"Jiko," akasema, "mwambie lina moto."

Sijawahi kuwa mdogo namna ile. Mguso mmoja tu, nami nimecheza ngoma.

Tabu ikawa nati. Nilipozungusha kulia, feni nayo ikazunguka pamoja nayo, maana shafti ilikuwa imeachia kidogo sasa kwa kupoa. Anahitajika mtu wa kuishika shafti kwa nyuma. Nyuma ya mota kuna kigurudumu kidogo cha kupoozea, ukikishika shafti haizunguki. Na aliyekuwa nyuma ya jiko ni mmoja.

"Jiko," nikasema kichwa changu kikiwa ndani ya oveni, "kwa nyuma pana kitu kama ua la bati. Kikishikwa kwa nguvu, nati itatoka."

Nikasikia kitenge kikisogea. Halafu shafti ikatulia. Ilitulia kabisa, kama imejengewa. Nikazungusha, na kwenye spana nilihisi nguvu yake upande wa pili, ananizuia, ananikaza, chuma chembamba kimoja kati yetu wawili. Hatujawahi kupeana hata kikombe cha maji. Nati ikaachia.

"Jiko, imetoka. Na mota sasa ishikwe isidondoke."

"Imeshikwa."

Nikasukuma mota itoke kwa nyuma. Nilipotoa kichwa, ilikuwa imewekwa sakafuni pembeni ya jiko, juu ya kipande cha gazeti, na mkono unarudi ndani. Mkono ule wenye mistari. Hakujificha haraka. Nadhani alishajua kwamba nimeona.

Bushi ilikuwa nyeusi kwa gundi ya mafuta yangu niliyoyaamini. Nikakwangua, nikaosha, nikapiga msasa. Nikaenda uani kwenye lori la tajiri, nikachota grisi ya beringi za tairi, ile nzito inayovumilia moto wa breki mteremkoni. Kama inavumilia mteremko wa huko Karema na mzigo wa samaki, itavumilia keki. Nikaipaka, nikarudisha mota, yeye akaishika, mimi nikafunga nati, kushoto safari hii, kukaza. Nikawasha.

Pumzi. Nilisogeza sikio nikaisikia, kidogo, kama mtu anayelala vizuri.

Nikaenda ukutani nikafunika macho. Yeye akatoka, akaingiza keki. Akasimama mbele ya mlango wa oveni. Mkono ulizoea, nilisikia ukielekea kwenye mpini ili kugeuza, ukasimama. Ukaelekea tena, ukasimama tena. Halafu akavuta kigoda akaketi. Nilisikia mifupa yake ikiketi. Na hapo, nikiwa nimeutazama ukuta wa masizi wa jikoni kwa watu, mwanaume mzima mwenye jina mjini, macho yaliniuma, na haukuwa moshi.

Tajiri na mgeni waliketi msikitini kwa mawaidha, wakarudi keki zikiwa zinatoka, rangi ya asali kote. Mkwe alikuwa amesharudi nyuma ya jiko. Mgeni akasogeza sikio.

"Sasa naisikia," akasema. "Mwanzoni sikuisikia."

Tajiri akanigeukia. "Vipi, fundi? Umeifanya nini?"

Nilikuwa tayari kusema. Naapa nilikuwa nimefungua mdomo. Sauti ikatoka nyuma:

"Jiko, waambie feni ilikuwa nzima tangu mwanzo. Ilikuwa inaona aibu kwa mgeni."

Walicheka wote wawili, tajiri akalipiga jiko kofi la mapenzi. Na mimi nikacheka. Ndiyo, nilicheka nao. Ningesema ukweli wakati ule ningekuwa nimemfanya mama mkwe mwongo mbele ya watu, na hilo desturi haina pa kuliweka. Alikuwa amenifungia mlango wa kutubu kwa nia njema kabisa. Sijui kama kuna aibu kubwa kuliko kufichiwa aibu na mtu unayetakiwa kumheshimu.

Tabora sikwenda. Nilisema naumwa mkono, nikauonyesha, kile kimguso kimoja kilichokwisha kuwa doa.

Baada ya Idi nilichagua mbuzi. Kwetu mkwe akitaka kuondoa ile haya ya kutotazamana, anapeleka mbuzi kwa mama mkwe. Akipokelewa, siku hiyo mnakaa uso kwa uso, mnaongea kama watu. Nilichagua beberu jeupe, zuri, nikamtuma mke wangu nalo. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimeyarudia peke yangu dukani huku nikijifanya napima waya.

Alasiri mke wangu akarudi na beberu lake kwenye kamba.

"Amekataa?"

"Hajakataa. Amesema bado."

"Bado nini?"

Mke wangu akafunga kamba kwenye nguzo, hakunitazama. Wakati huo alikuwa ameshaiona mikono ya mama yake. "Anasema ukimwona usoni utaanza kumwomba msamaha, na yeye hakutoa neno lake kule kwa wajomba ili aje kuombwa msamaha. Anasema jiko linafanya kazi. Anasema ukitaka kusema kitu, kaliambie jiko."

Beberu lilikaa kwetu mpaka likazeeka, likaanza kula hata waya dukani. Kila mwaka nilikuwa nauliza, "Vipi, bado?" na mke wangu anaenda, anarudi, anasema, "Bado." Na mimi kila mwezi, bila kuitwa, nilikuwa natuma neno, mkwe anakwenda sokoni, naingia jikoni kwa tajiri, nafungua bati la ndani, naangalia bushi, natia grisi mpya. Tajiri alidhani ni bidii. Nikimaliza nafunga, nawasha, nasogeza mdomo karibu na mlango wa oveni, naliambia.